Mtoto kapimwa vyakula 40, chanya 13. Sasa ale nini?

Baba_K

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumeshavurugwa. Binti yangu ana miaka miwili na miezi minne, tangu mchanga ana pumu ya ngozi, ile ya kujikuna usiku mpaka shuka linakuwa na damu. Wiki tatu zilizopita alionjeshwa siagi ya karanga kwa mara ya kwanza, kijiko kidogo tu, dakika kumi hazikufika mdomo ukavimba, mabaka mwili mzima, akatapika mara mbili. Tukakimbia naye hospitali, wakamchoma sindano akatulia, na kabla hatujaruhusiwa daktari wa zamu akasema achukuliwe damu apimwe vyakula vyote tujue moja kwa moja. Tukaona poa tu, kujua yote si ndo vizuri.

Majibu yametoka wiki hii. Karatasi mbili, vyakula 40, na 13 vimewekewa rangi nyekundu. Karanga 22, hiyo sina ubishi nayo. Halafu yai 1.1, maziwa 0.8, ngano 2.4, soya 0.6, kamba 1.9, na wengine wamo humohumo, njegere, maharage, ufuta, nyanya, mahindi, ndizi, chungwa. Chini kuna maandishi kwamba mgonjwa aepuke vyakula vyote vilivyoonyesha chanya.

Kinachonichanganya ni hiki. Yai huyu mtoto anakula karibu kila siku tangu ana miezi saba. Maziwa ndo usiseme, analala na kikombe mkononi. Mkate, ndizi, maharage, vyote anakula na sijawahi kuona hata kipele kimoja cha ghafla. Mama yake alipoona karatasi akaondoa vyote siku hiyohiyo, leo siku ya tano mtoto anakula wali na nyama asubuhi mchana jioni, analilia maziwa mpaka anatapika kwa kulia. Na ngozi iko vilevile.

Je karatasi inaona kitu ambacho sisi hatukioni? Inawezekana ana aleji ya yai ya "kimyakimya"? Na hizo namba maana yake nini hasa?

Bibi_Shamba

Pole baba. Mimi swali langu moja tu, anayekula yai kila siku na hana neno, aleji yake iko wapi? Kwenye karatasi?

mkaa_maabara

Nimefanya kazi maabara miaka kadhaa, hivi vipimo nimevitoa vingi sana kwa hiyo acha niseme kidogo kuhusu hizo namba, mengine watakuja madaktari.

Tunachofanya sisi ni kuchukua damu yako na kuangalia kama ndani kuna kingamwili aina ya IgE inayong'ang'ania protini ya chakula fulani. Basi. Mashine haijui ulikula nini, haijui ulivimba au hukuvimba. Ikikuta IgE kuanzia 0.35 inaitwa chanya, na mashine nyingi siku hizi zinasoma mpaka 0.10, kwa hiyo hata kivuli kinaonekana. Sasa kuwa na IgE ya yai kwenye damu maana yake mwili umeshakutana na yai ukatengeneza kingamwili. Kuwa na aleji ya yai ni kwamba ukila yai unaugua. Hayo ni mambo mawili, na watu wengi sana duniani wana la kwanza bila la pili.

Jambo lingine ambalo wazazi hawaambiwi, IgE huwa inafananisha vitu. Protini za mimea zina ukoo, karanga iko familia moja na maharage, njegere na soya, kwa hiyo mtoto mwenye aleji ya kweli ya karanga ukimpima jamii ya kunde mara nyingi na nyingine zinawaka, ilhali wanaougua kweli wakila hizo nyingine ni wachache. Mwenye mzio wa chavua ya nyasi, ngano inawaka. Mwenye mzio wa wadudu wadogo wa vumbi la nyumbani au mende, kamba anawaka, maana wote wana protini moja inaitwa tropomayosini. Halafu kuna sukari fulani zinazokaa juu ya protini za mimea, kingamwili zikishikamana na hizo sukari unapata orodha ndefu ya matunda na nafaka, kila moja namba ndogondogo, na mtu anakula vyote bila shida. Orodha yako ikiwa na nyanya, mahindi, chungwa, ndizi zote pamoja mimi hapo kwanza nawaza sukari, sijawaza aleji.

Hata minyoo na kichocho vinaweza kuleta hilo. Kuna utafiti ulifanywa Ghana kwa watoto wa shule, wengi walikutwa na IgE ya karanga kwenye damu lakini walipochomwa kipimo cha ngozi waliojibu walikuwa wachache mno, na kichocho kilikuwa mmoja wa washukiwa wakubwa.

Na nikiri upande wetu. Ile fomu ya kuombea kipimo ina kisanduku kimoja, daktari anaweka tiki moja vyakula 40 vinatoka. Angelazimika kuandika kila chakula kwa mkono na sababu yake, nadhani nusu ya hizi karatasi zisingekuwepo. Na yale maandishi ya "epuka" yanajiprinti yenyewe, hakuna mtu aliyekaa akamfikiria mwanao.

Nuru_tele

Msiwakatishe watu tamaa ya kupima jamani. Mimi nilikuwa na tumbo kujaa gesi, uchovu, kichwa, nikapima ile paneli kubwa, kipimo cha vyakula zaidi ya 200 kwa mpigo, ya IgG (kingamwili nyingine, si hiyo IgE), nikaacha vitu 31 na ndani ya mwezi nikawa mtu mpya. Baba K labda ulipima kidogo, panua zaidi upate picha kamili.

Mtoto_Kliniki

Mimi ni daktari wa watoto. Naanza na dada Nuru kisha nije kwa Baba K.

Dada, nafurahi umepata nafuu, sikatai. Ila ukiacha vitu 31 kwa mpigo umeacha pia soda, vitafunwa, vya kukaanga, pengine na maziwa ambayo tumbo lako halina kimeng'enya cha kuyasaga, hilo si mzio, ni laktosi, sukari ya maziwa. Kipi kilikusaidia hujui na karatasi haijui. IgG inaonyesha unachokula. Ukila ngano kila siku utakuwa na IgG ya ngano, na aina yake moja, IgG4, huwa inapanda kadiri mwili unavyozoea chakula na kukivumilia. Wataalamu wa mzio wa Ulaya walishaandika tangu 2008 kwamba kipimo hicho kisitumike kutafuta mzio wa chakula, Kanada wakarudia 2012, na mwaka huohuo chama cha wataalamu wa mzio cha Marekani kikaweka kwenye orodha yake ya mambo ya kuacha, IgG pamoja na kupima IgE vyakula lundo bila mpango. Yaani kipimo chako na cha Baba K vilitajwa kwenye sentensi moja.

Na nisisahau, kama tumbo bado linasumbua usiache ngano kabla hujapimwa ugonjwa wa siliaki, ule wa protini ya ngano kuharibu utumbo. Kile kipimo kinahitaji uwe unakula ngano, ukishaiacha miezi kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Nimeona watu wamejifungia mlango namna hiyo.

Sasa Baba K. Siwezi kumtibu mtoto nisiyemwona lakini nakueleza tunavyofikiri.

Kwanza historia. Karanga, dakika chache, kuvimba, mabaka, kutapika. Hiyo historia peke yake imeshasema. Kipimo cha 22 kinakuja kuithibitisha, maana kwa karanga kuanzia kama 14 au 15 kwa mtoto mwenye historia uwezekano ni mkubwa sana, tunasema kama 95 kwa 100. Hapo kipimo kimefanya kazi yake, kimejibu swali lililoulizwa. Hizo nyingine 12 hakuna aliyeuliza. Ona tofauti.

Pili hesabu, nakuomba univumilie. Chukua chakula ambacho mtoto 1 kati ya 100 ana aleji nacho kweli. Chukua kipimo kizuri kabisa, kinachokamata 9 kati ya 10 wenye aleji na kukosea kwa 1 tu kati ya 10 wasio nayo. Pima watoto 1000. Wenye aleji ni 10, kitakamata 9. Wasio nayo ni 990, kitawapaka rangi nyekundu 99. Una karatasi nyekundu 108 na za kweli ni 9. Hapo ni chakula kimoja! Sasa weka 40. Hata kama kila kimoja kinakosea mara 5 tu katika 100, na vikosee kila kimoja kivyake, mtoto mzima wa afya ana uwezekano wa 87 kwa 100 wa kutoka na angalau chakula kimoja chekundu. Na mtoto wa pumu ya ngozi ndo mbaya zaidi, IgE yake ya jumla huwa juu, anawakia kila kitu. Kwa hiyo 13 kwa binti yako sishangai, ningeshangaa ingekuwa moja.

Tatu, namba si ukali. Hili watu wanalikosea kila siku. 22 haimaanishi atapata shida kubwa kuliko wa 3, inamaanisha uwezekano wa kuwa na aleji ni mkubwa zaidi. Mtu wa 3 anaweza kubanwa pumzi. Na kinyume chake kipo pia, kuna aina za mzio ambazo hazina IgE kabisa, mtoto mchanga anatapika mfululizo masaa mawili baada ya kula, analegea, na karatasi yake ni nyeupe pe. Paneli hata iwe ya vyakula 500 haimuoni huyo.

Hospitali moja ya Denver ilitoa matokeo 2011, watoto 125, wengi wa pumu ya ngozi, waliokuwa wamenyimwa vyakula na wengi wao sababu ni karatasi kama yako. Wakalishwa mle ndani wakiangaliwa, majaribio 364. Katika 325 hakuna kilichotokea. Karibu 9 kati ya 10. Hebu waza watoto hao walikuwa wamekaa bila mayai na maziwa miaka mingapi.

Kuhusu "aleji ya kimyakimya" ya yai, kwa mtoto anayelila yai zima mara kwa mara bila dalili jibu langu ni hapana. Kula bila kuugua ndo kipimo kikubwa kuliko vyote, hata sisi wataalamu tukibishana mwishowe tunamlisha mtoto hospitalini tuone. Wewe umeshafanya jaribio hilo mezani kwako mara mia.

MamaWawili

Daktari umesema yote lakini hujasema lile lililonitokea mimi kwa hiyo naandika, na Baba K soma mpaka mwisho.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na ngozi hivyohivyo. Hakuwahi kuvimba na chakula chochote, HAKUWAHI. Tulienda kwa ajili ya ngozi tu, wakapima paneli, maziwa na yai vikatoka klasi 2, yaani namba za chini, tukaambiwa toa. Hospitali siitaji. Tukatoa maziwa na yai mwaka mzima na miezi minne, ngozi ikawa nafuu kidogo kisha ikarudi kama zamani, lakini nani athubutu kurudisha na karatasi ipo kwenye friji imebandikwa? Uzito ukashuka, kliniki wananigombeza mimi kana kwamba simlishi. Halafu siku moja kwenye sherehe ya mtoto wa jirani akapewa keki na mtu ambaye hakujua. Ile keki yenye maziwa na yai, vitu alivyokuwa anakula akiwa na mwaka mmoja bila neno. Safari hii alivimba macho, akaanza kukohoa na kifua kulia kama filimbi, tulifika hospitali nimembeba naomba Mungu njia nzima.

Daktari wa mzio tuliyempata baadaye alinieleza kwamba mtoto aliyekuwa anavumilia chakula, ana IgE yake, ukikitoa muda mrefu mwili unaweza kupoteza ule uvumilivu, na siku kikirudi anaitika kwa nguvu. Yaani karatasi ilisema ana aleji, haikuwa kweli, sisi tukaitii, ikawa kweli. Sasa hivi ana miaka sita, maziwa tunayarudisha kidogokidogo kwa usimamizi, yai bado.

Siku tano ni chache Baba K. Usifike miezi.

Mtoto_Kliniki

Asante MamaWawili na pole sana. Ni kweli na imeandikwa. 2016 watafiti wa Marekani walipitia mafaili ya watoto karibu 300 wa pumu ya ngozi, na kati ya wale ambao chakula kilionekana kuchochea ngozi, hawajawahi kuvimba ghafla, wakatolewa chakula hicho, kama 1 kati ya 5 walikuja kupata mzio wa ghafla, baadhi mkali kabisa.

Kwa hiyo Baba K, piga simu kwa daktari LEO, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Muulize hivi: vile alivyokuwa anakula bila shida mpaka juma lililopita virudi? Siku tano kwa kawaida si tatizo lakini asikie yeye kwanza. Karanga usiguse. Kamba, ufuta na jamii ya korosho kama hajawahi kula hapo ndo pa kujadiliana, maana historia haipo na karatasi peke yake haitoshi kusema ndiyo wala hapana. Na ngozi itibiwe kama ngozi, mafuta na dawa ya kupaka inavyotakiwa, wengi wanakimbilia chakula wakati krimu haijawahi kupakwa sawasawa hata wiki mbili.

Nuru_tele

Sawa nimesoma. Ngano nitarudisha nikapime hiyo siliaki. Ila gesi sitaki tena 😅

mkaa_maabara

@Nuru_tele kuna kile cha kupuliza hewa kwa ajili ya laktosi, uliza. Hakina paneli, swali moja jibu moja.

Baba_K

Narudi na mrejesho. Nimeongea na daktari wa mzio, tumempata kwa simu baada ya kuhangaika siku mbili. Kitu cha kwanza aliuliza si karatasi, aliuliza "nisimulie siku ya karanga, dakika kwa dakika", halafu akaniambia nitaje kimojakimoja vile 12 na nimjibu maswali matatu tu, ameshakula? kiasi gani? ikawaje? Tulimaliza kwa robo saa. Yai, maziwa, ngano, maharage, njegere, soya, nyanya, mahindi, ndizi, chungwa vyote virudi tangu kesho yake. Karanga hapana, na ametuandikia sindano ya adrenalini tukae nayo nyumbani na tujifunze kuichoma. Ufuta na kamba hajawahi kula, atapimwa ngozi halafu wataamua kama alishwe palepale hospitali. Ameniambia nimwachishe dawa ya aleji siku kadhaa kabla ya kipimo cha ngozi maana inaficha majibu, hilo sikuwa nalijua.

Jana usiku kalala na kikombe chake. Mama yake bado anamkodolea macho kila akimeza, namwelewa.

Ila nina swali jingine na naogopa mtanicheka. Mdogo wake ana miezi mitano, ngozi yake iko safi haina chochote. Mke wangu anataka naye apimwe damu ya karanga na vyote kabla hatujamuanzishia chakula, ili yasijirudie. Hiyo nayo vipi?

Mtoto_Kliniki

Hakuna wa kukucheka, ni swali ambalo hata sisi tulilijibu vibaya kwa miaka mingi. Tulikuwa tunasema mcheleweshe karanga. 2015 ukatoka utafiti wa London, watoto wachanga 640 wenye pumu ya ngozi kali au aleji ya yai, nusu wakapewa karanga mapema na mfululizo, nusu wakanyimwa mpaka miaka mitano. Walionyimwa, 17 katika 100 wakawa na aleji ya karanga. Waliokula, 3 katika 100. Tukageuka.

Huyu mdogo ngozi ni safi. Ukimpima paneli sasa hivi na ikawaka, mtaogopa, mtachelewesha, na kuchelewesha ndo kunakoleta lile mnalolikimbia. Akiwa tayari kwa chakula, kwenye miezi sita, mpeni yai lililoiva vizuri na vingine kama kawaida. Kwa karanga, kwa kuwa dada yake anayo na nyumbani mna hofu, mwambieni daktari wenu huyohuyo, wengine wanakubali mara ya kwanza ipewe kliniki ili mama apumue. Iwe siagi laini iliyochanganywa na uji mwepesi, karanga nzima hapana, atapaliwa. Akikubali, iendelee kila wiki, isiwe mara moja halafu basi. Na dada yake siku hiyo awe mbali na kile kijiko, mikono ioshwe.

MamaWawili

Na ile karatasi Baba K usiibandike kwenye friji.

Baba_K

Ilikuwepo. Nimeitoa asubuhi hii.